Kifo cha Wengi Hakikuwa Harusi

Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 1914, katika mji wa Accrington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wanaume walianza kupanga foleni kujiandikisha jeshini. Katika saa tatu za kwanza walipokelewa 104. Siku kumi baadaye idadi iliyotakiwa ilikuwa imetimia, watu wapatao 1,100. Hakuna aliyekamatwa. Sheria ya kuwalazimisha raia kwenda vitani haikuwapo Uingereza hadi Januari 1916. Hawa walikwenda kwa hiari, tena hawakwenda kila mtu kivyake. Fundi alikwenda na fundi mwenzake wa kiwanda kimoja, kaka na mdogo wake, shemeji na shemeji yake, vijana wa mtaa mmoja na wa kanisa moja.

Naisimulia habari yao kwa ajili ya kila mtu mwenye sauti mbele ya kundi: mwenyekiti wa kijiji, mchungaji, imamu, mwalimu mkuu, mkubwa wa ukoo, kiongozi wa vijana. Namna watu wale walivyokusanywa ndiyo iliyoamua namna mji wao ulivyokuja kulia.

Kwanza tulielewe jeshi lenyewe. Rejimenti ya askari wa miguu wa Uingereza si kikosi kimoja kinachosimama mahali pamoja. Rejimenti ni jina, bendera, nembo ya kofia na historia. Waliopigana wakati ule ni mabatalioni yake, kila moja likiwa na watu wapatao 1,000, na batalioni moja liliweza kuwa India huku lingine liko Ufaransa. Tangu mageuzi ya mwaka 1881 rejimenti nyingi zilifungamanishwa na jimbo fulani la nchi. East Lancashire Regiment, ambayo Accrington ilikuwa katika eneo lake, ilizaliwa mwaka huohuo kwa kuunganishwa rejimenti mbili kongwe, ya 30 na ya 59. Wasomaji ambao babu zao walitumikia KAR, ile waliyoitamka Keya, wanaufahamu mpango huu, kwani nayo ilipoundwa mwaka 1902 ilikuwa na mabatalioni yaliyotajwa kwa namba, kila moja na eneo lake la kuandikisha askari.

Uingereza ilipoingia vitani tarehe 4 Agosti 1914, jeshi lake la nchi kavu lilikuwa dogo mno kwa vita vya Ulaya. Bwana Kitchener, aliyefanywa Waziri wa Vita siku iliyofuata, alikuwa miongoni mwa wachache walioona kwamba vita vitachukua miaka. Tarehe 7 Agosti akaomba wanaume 100,000 wajitolee. Ndipo Jenerali Henry Rawlinson alipotoa wazo lililoonekana jema kwa kila mtu: wanaume watakuja upesi zaidi wakihakikishiwa kwamba watatumikia pamoja na watu wanaowajua. Jijini London wafanyakazi wa soko la hisa na ofisi za fedha wakajiandikisha 1,600 kwa muda wa wiki moja hivi, likawa batalioni la 10 la Royal Fusiliers. Tarehe 28 Agosti, mjini Liverpool, Lord Derby alisimama mbele ya makarani na wauza maduka akatamka hadharani kwamba anataka kuunda batalioni la marafiki. Alitazamia kupata moja. Mwishowe Liverpool ilitoa manne.

Wazo likaruka mji hadi mji. Glasgow, wafanyakazi wa tramu waliunda batalioni lao chini ya meneja wao James Dalrymple, na vijana waliolelewa katika chama cha Boys' Brigade wakaunda lao. Edinburgh, wachezaji wa timu ya Hearts waliingia batalioni la 16 la Royal Scots na mashabiki wao wakawafuata. Hull ilitoa batalioni la makarani, la mafundi, la wanamichezo, na la nne la waliobaki. Bradford, Leeds, Sheffield, Barnsley na Grimsby hazikukubali kubaki nyuma, na magazeti ya kila mji yalihesabu majina yake na kuchungulia ya jirani.

Meya wa Accrington, John Harwood, alikuwa kiongozi wa mji wa watu wapatao 45,000 tu. Hakutaka watu wake waonekane wadogo. Akaiahidi Wizara ya Vita batalioni kamili, na kwa kuwa mji peke yake usingeweza kulijaza, akaomba msaada wa majirani. Kombania moja ilitoka mjini Accrington, moja katika vitongoji vyake, moja Chorley na moja Burnley. Jina rasmi likawa batalioni la 11 la East Lancashire Regiment. Watu walilijua, na hadi leo wanalijua, kwa jina la Accrington Pals, yaani marafiki wa Accrington.

Lazima niseme pia habari ya njaa. Biashara ya pamba ilikuwa imelala kiangazi kile, na wafanyakazi wa Howard & Bullough, kiwanda kikubwa cha mitambo ya kusokota nyuzi kilichoulisha mji, walikuwa katika mgogoro na mwajiri wao uliowafungia kazi. Jeshi lilitoa shilingi moja kwa siku, chakula, viatu, na posho kwa mke aliyebaki. Nani amlaumu baba wa watoto watatu kwa kupanga foleni? Lakini njaa pekee haileti watu 1,100 kwa siku kumi. Kilichowaleta ni sura walizozijua kwenye foleni ile. Mwenzako wa mashine ya pembeni amekwenda, kaka yako amekwenda, na mchana utakutana na mama yake sokoni. Utasimama wapi wewe? Haya, ile aibu ya kubaki wakati wenzako wameondoka, ilifanya kazi ambayo polisi wasingeweza kuifanya.

Ahadi waliyopewa ilitimizwa neno kwa neno. Walivaa sare pamoja, wakafundishwa gwaride pamoja, na Februari 1915 wakaondoka kwenda Caernarfon, huko Wales, huku mji mzima ukiwa barabarani kuwaaga. Mwisho wa mwaka walipelekwa Misri kulinda mfereji wa Suez. Machi 1916 wakahamishiwa Ufaransa. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu foleni ile, na bado hawakuwa wamepigana vita hata vimoja vikubwa. Wengi walikuwa bado ni wale wale wa siku kumi za Septemba.

Divisheni yao, ya 31, karibu yote iliundwa kwa mabatalioni ya namna yao. Kushoto kwao, katika brigedi yao ya 94, walikaa makarani, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Sheffield. Nyuma yao walikuwa wachimba makaa wa Barnsley, mabatalioni mawili. Kulia, katika brigedi jirani, walikuwa Leeds na Bradford. Kazi waliyopewa kwa ajili ya tarehe 1 Julai 1916 ilikuwa kukiteka kijiji cha Serre, kilichokuwa juu ya mwinuko mdogo upande wa kaskazini wa uwanja wa vita wa Somme. Waliondokea kwenye mahandaki yaliyopita ukingoni mwa vichaka vinne. Maofisa wa ramani walikuwa wameviita Matayo, Marko, Luka na Yohana.

Mpango wenyewe ulisimama juu ya mizinga. Kuanzia tarehe 24 Juni Waingereza walirusha makombora yapatayo milioni moja na nusu, wakiamini kwamba yatakata seng'enge na kuwaua Wajerumani ndani ya mahandaki yao. Mengi hayakulipuka. Mengine yalikuwa ya aina isiyoweza kukata waya. Wajerumani nao walikuwa wamechimba mashimo marefu ndani ya ardhi ya chokaa, mita kadhaa chini, ambako walikaa wakisubiri. Doria zilizotumwa usiku zilirudi na habari kwamba seng'enge bado imesimama. Huko juu, kwa waliotoa amri, matumaini yalibaki yaleyale. Jenerali Hunter-Weston, aliyeongoza kundi la divisheni za sehemu ile, aliendelea kuamini kwamba njia imesafishwa.

Saa 1:20 asubuhi, dakika kumi kabla ya shambulio, baruti nyingi iliyofukiwa chini ya ngome ya Wajerumani huko Hawthorn Ridge, kusini kidogo mwa Serre, ililipuliwa. Mlipuko ule uliwaambia Wajerumani wote wa eneo lile kwamba saa imefika. Mizinga mizito ya Waingereza nayo ikaacha kupiga mstari wa mbele na kulenga mbali zaidi. Wakati huo safu za mwanzo za Accrington zilikuwa zimetoka handakini na kulala kifudifudi uwanjani. Saa 1:30 walisimama wakaanza kwenda mbele, safu nyuma ya safu, wakipanda mwinuko. Wajerumani wa Rejimenti ya 169 walikuwa wameshapanda juu na rashasha zao, zile ambazo askari wetu wa zamani waliziita bombom.

Baadhi ya watu wa Accrington walipenya seng'enge wakaingia katika handaki la adui. Wachache walionekana wakielekea kijijini, hawakurudi. Katika watu wapatao 700 walioshambulia, 584 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na wengi wao walianguka katika nusu saa ya kwanza. Waliouawa walikuwa 235. Sheffield walipoteza zaidi ya 500 kwa hesabu hiyohiyo ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, na Leeds vilevile. Siku ile jeshi la Uingereza lilihesabu hasara ya watu 57,470, na kati yao 19,240 walikufa. Serre haikutekwa. Hull nao walipelekwa kuishambulia Novemba, wakashindwa. Waingereza waliingia kijijini Februari 1917, baada ya Wajerumani kuamua wenyewe kuondoka.

Jeshi lilikuwa na utaratibu wake wa kupeleka habari za vifo. Familia ya ofisa ilipelekewa telegramu. Familia ya askari wa kawaida ilipata fomu iliyojazwa jina, kwa posta ya kawaida, na fomu hiyo ingeweza kuchukua wiki. Kwa hiyo, katika siku za kwanza za Julai, mji wa Accrington uliishi kwa tetesi. Magazeti yalizungumzia maendeleo mazuri. Kisha zikaja barua za majeruhi waliolazwa hospitalini, na kila barua ilitaja watatu au wanne wa mtaa uleule. Inasimuliwa kwamba umati ulikwenda hadi nyumbani kwa Meya kudai uambiwe ukweli. Naona haki kabisa. Yeye ndiye aliyewaita vijana wao kwa jina la mji, na sasa walimtaka ajibu kwa jina la mji. Lakini Harwood hakuwa na cha kuwajibu. Aliyekuwa na uwezo wa kuwakusanya hakuwa na uwezo wa kuwalinda, wala hata wa kujua wako wapi.

Halafu zikaja fomu. Mapazia yalishushwa madirishani, ambayo ndiyo desturi yao ya kuonyesha msiba, na zikawapo barabara ambazo mapazia yalishuka nyumba baada ya nyumba.

Sisi tuna msemo kwamba kifo cha wengi harusi. Wazee waliousema hawakuwa wajinga. Walijua kwamba msiba ukimpata mtu peke yake humvunja, bali ukishirikiwa hubebeka. Lakini msemo huo una sharti lililojificha ndani yake, nalo ni kwamba lazima wawepo watu nje ya msiba. Fikiria matanga yetu yanavyokwenda. Mfiwa haruhusiwi kuwasha jiko. Jirani wa kulia analeta sufuria, wa kushoto anateka maji, vijana wa mtaa wanafunga turubai na kupanga viti, mwingine anashika daftari la rambirambi, mwingine anakwenda kupokea wageni stendi. Mfiwa kazi yake ni kulia tu. Sasa mfanye jirani wa kulia awe mfiwa, na wa kushoto, na yule wa ng'ambo ya barabara, na wale vijana waliozoea kufunga turubai ndio waliokufa. Nani atapika? Nani atamshika mkono mama huyu, wakati kila mkono wa mtaa umeshika kichwa chake mwenyewe?

Hilo ndilo lililoupata Accrington, na Leeds, na Sheffield, na Barnsley. Si kwamba walikufa wengi tu. Walikufa wote kwa pamoja, kutoka mahali pamoja, na kwa hiyo wale ambao kwa kawaida wangewafariji wafiwa walikuwa wafiwa.

Tena kulikuwa na lililo baya kuliko fomu ya kifo, nalo ni fomu iliyosema mtu amepotea. Maiti nyingi zilibaki kati ya mistari ya pande mbili, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuzifikia. Ni katika majira ya kuchipua ya 1917, baada ya Wajerumani kuondoka, ndipo uwanja ulipoanza kusafishwa na mabaki kuzikwa katika makaburi madogo yaliyo pale hadi leo, yakiwemo ya Queens, Luke Copse na Railway Hollow. Kwa muda wa miezi yote hiyo mke hakujua kama ni mjane. Hakuweza kuomboleza, maana ingekuwa kama kumfukia mumewe angali hai, wala hakuweza kutumaini bila kujiumiza.

Atakayesema kwamba idadi ya maiti ingekuwa ileile hata kama watu wangechanganywa, atakuwa amesema kweli. Mpango wa Somme ungewaua watu 19,240 siku ile bila kujali wametoka mji mmoja au miji mia. Tena atakayesema kwamba urafiki uliwapa ushujaa, naye atakuwa amesema kweli. Mtu anayetazamwa na rafiki wa utotoni hakimbii kirahisi, na safu zile zilisimama zikatembea. Jeshi lilijua hivyo na lililitegemea hilo. Ninachokidai mimi ni kidogo kuliko hicho, lakini sioni namna ya kukikwepa. Katika siku zile za Agosti na Septemba 1914 makatibu, mameya, wahariri na mabwana wa viwanda waliuliza jinsi ya kupata watu upesi. Miezi ya kuuliza swali la pili ilikuwapo mingi, hadi Juni 1916: ikiwa batalioni hili litapatwa na siku mbaya, nani atabaki nyumbani? Swali hilo halikuhitaji elimu ya vita. Mvuvi yeyote wa Pemba mwenye wana wanne angeliuliza kabla hajawapakia chombo kimoja. Halikuulizwa kwa sababu jibu lake lingepunguza mwendo wa foleni.

Afrika Mashariki nayo ilipokea batalioni la marafiki, ingawa la sampuli nyingine. Ni batalioni la 25 la Royal Fusiliers, lililoundwa mapema mwaka 1915 na Daniel Patrick Driscoll kutokana na wanachama wa Legion of Frontiersmen: wawindaji, mabaharia na wasafiri waliozoea pori. Kwa kuwa walidhaniwa wanajua tayari, waliletwa Mombasa Mei 1915 bila kupitia mafunzo ya kawaida, na Juni wakawa Bukoba wakishambulia. Mmoja wao, mwindaji maarufu Frederick Selous, aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akiwa na umri wa miaka 65, na hifadhi ya wanyama ya eneo lile ilikuja kuitwa kwa jina lake. Homa ya malaria na kuhara damu viliwamaliza wenzake kuliko risasi. Lakini watu hawa walikuwa wametoka pande nyingi za dunia, na vifo vyao vilitawanyika vivyo hivyo. Hakuna mji ulioshusha mapazia yote kwa ajili yao.

Waliotoka pamoja na kupotea pamoja katika vita vile vya kwetu walikuwa wapagazi. Jeshi la Uingereza lilichukua vijana vijijini kubeba risasi na unga, na wengi wakafa kwa njaa, uchovu na maradhi njiani. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakutajwa kwa majina katika kumbukumbu au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Mama wa Accrington alingoja fomu kwa wiki kadhaa akaona ni ukatili, na ulikuwa ukatili. Kijiji cha mpagazi hakikuletewa hata fomu. Nalitaja hili kwa sababu kosa ni lilelile likiwa limevuliwa nguo: kuwachukua watu wa mahali pamoja kwa wingi, bila mtu kuwajibika kwa mahali palipoachwa tupu.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yaliisha na mahandaki. Tazama jinsi upatu wa ulaghai unavyoenea kwetu. Hauji na bango la mgeni, huja na shangazi yako, na mzee wa kanisa, na mwalimu aliyekufundisha kusoma, na wao wenyewe wameamini. Kasi yake inatoka kwenye kuaminiana kwetu. Siku unapoanguka, ukoo mzima umeweka humo ada, mahari na fedha za mbegu, na hakuna hata mmoja mwenye akiba ya kumkopesha mwenzake. Yanafanana na hayo makundi ya vijana wa kijiji kimoja wanaoshawishiana kuvuka bahari kwa dalali mmoja, katika boti moja. Anayewaita kwa udugu anaweza kuwa na nia safi kabisa. Sina sababu ya kumshuku Lord Derby wala Meya Harwood kwamba waliwatakia mabaya vijana wao. Ndiyo maana nawataja wao badala ya wahalifu. Mhalifu hatalisoma gazeti hili ili ajirekebishe. Mtu mwema mwenye haraka ndiye ninayesema naye.

Wewe unayeheshimiwa na kundi, ukisema neno moja na watu hamsini wakainuka, jua kwamba hawakupima jambo lenyewe. Wamekupima wewe, na wamepimana wao kwa wao. Basi kupima jambo kumebaki juu yako. Kabla hujaliita kundi, jiulize ni nani hatakwenda, na uhakikishe yupo. Ukoo usiweke fedha zote mahali pamoja hata kama mwenye wazo ni ndugu wa damu. Ndugu wote wa nyumba moja wasipande chombo kimoja. Anayetaka kubaki abaki bila kuzomewa, kwa sababu siku ya shida yeye ndiye atakayefunga turubai. Na ukishawatuma watu, usilale mpaka uwe na njia ya kupata habari zao isiyowategemea waliowachukua.

Jeshi la Uingereza lilijifunza, ingawa kwa gharama ambayo haikulipwa na majenerali. Baada ya Somme mabatalioni ya marafiki yalijazwa kwa watu wa popote, kwa kuwa sheria ya kuandikisha kwa lazima ilikuwa imeshaanza na miji iliyotoa vijana haikuwa na wengine wa kutoa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja hawakurudia mpango ule. Mwaka 1942, chini ya Jenerali Ronald Adam aliyesimamia utumishi wa askari, kikaundwa chombo kilichoitwa General Service Corps. Tangu Julai mwaka huo kijana aliyeitwa aliingia humo kwanza, akafundishwa kwa wiki sita, akapimwa uwezo wake, ndipo akapangiwa rejimenti iliyomhitaji, iwe ya jimbo lake au la. Wapo maofisa wa zamani waliolalamika kwamba roho ya rejimenti itakufa, kwamba mtu wa Lancashire hawezi kupigana sawasawa akiwa kati ya watu wa Kent na Wales. Adam hakurudi nyuma. Mabatalioni ya East Lancashire Regiment yalipopelekwa Normandy mwaka 1944 yalikuwa bado na jina lao, bendera yao na nembo yao ya kofia, lakini ndani yake mlikuwa na vijana wa kila upande wa nchi.